Enid au Thora

Bibi Loveday Brannigan ameshuka na tawi kwenye mfuko wa mkate,
limeviringishiwa gazeti bichi.
"Niambie, huyu ni Enid au ni Thora?"
Mvua ya mawe ya Novemba imemvunjia mgrevilea wa mlangoni,
naye anataka mwingine, yuleyule, si pacha wake.

Nasogeza kikombe. Nalaza tawi mezani.
Usianze na rangi, baba alikuwa akinionya,
rangi ina ulimi wa dalali:
wiki ya baridi hukolea ikawa damu ya mzee,
wiki ya jua hupauka kama kamba aliyechemshwa,
na ua ni lilelile.

Anza na jani. Hesabu vidole.
Enid ana kumi na tisa, vyembamba,
kingo zimekunjwa chini kama upindo wa shuka.
Thora huishia kumi na tano, na vya chini hugawanyika tena.
Geuza. Tumboni Enid ana hariri nyeupe;
Thora pia anayo, ila yake imelala,
na hapo ndipo wauzaji wengi hukoma
wakaandika jina linalouzika.

Sasa lenzi. Chagua ua lililofunguka asubuhi hii,
fuata uzi mwekundu uliopinda kama ndoano
mpaka kwenye kifuko cha mbegu, kidogo kuliko punje ya mtama.
Cha Enid kina manyoya. Cha Thora ni kipara.
Mengine yote ni shilingi kwa ya pili,
na ndege wala-asali pale nje hunywa kwa wote bila kuuliza.

Baba aliwapata wawili hawa kwenye trei moja ya mbegu,
mwaka ule mto ulipozoa daraja.
Wa kwanza akampa jina la mama.
La pili, alisema, ni jina la kijiji tu, kipo bondeni,
hata kwenye ramani kipo, tazama.
Mama akatazama. Kijiji kipo.
Akampanda Enid langoni
na Thora akamtia nyuma ya tangi la maji,
akawamwagilia sawasawa miaka thelathini,
wala hakumuuliza mumewe tena habari za jiografia.

Kifuko cha tawi hili
kina manyoya upande mmoja. Upande wa pili hakina.
Natazama ua jingine, na jingine.
Vidole kumi na saba.

"Si Enid. Si Thora. Huyu aliota mwenyewe
chini ya miguu yao, mtu akamng'oa akakuuzia."
"Lakini ni mtoto wao."
Ndiyo. Na mtoto siye.
Kila Enid duniani ni mti mmoja,
wa trei ile, uliokatwa ukachomekwa, ukakatwa ukachomekwa,
haujafa bado.
Mbegu huanza upya. Mbegu haikumbuki jina.

Nasema hayo huku nikiona mkono wangu juu ya lenzi:
kidole gumba cha baba, kucha pana,
na kifundo cha mama.
Sokoni Bellingen wazee huniita Enid badala ya Merryn,
wakisahau nani alizikwa.
Huwa naitika.

"Kwa hiyo hayupo tena," anasema Bibi Brannigan.
Yupo. Hapa tu, kwenye mfuko huu wa mkate.
Nalikata tawi vipande vinne, naondoa majani ya chini,
nachomeka mchangani, nafunika na chupa.
Arudi baada ya miezi mitano, akiomba wawili washike.

Ameondoka. Natafuta kibati cha kuandikia.
Naandika tarehe, basi.
Nyuma yake kuna penseli ya baba, imefutwa kwa kidole.
Naipeleka dirishani.
Herufi tano. Labda sita.